Je, Wajua? Kujenga Jimu Ndogo Kendwa

Je, wajua kwamba anayetaka kufungua jimu Kendwa, kabla ya kuwaza vyuma, ana kazi na jiwe? Kaskazini ya Unguja ni maweni: udongo haba juu, jiwe la matumbawe chini. Jiwe hilo ni gumu, lakini lina matundu, na pengine linaficha pango. Fundi mzoefu hupiga mtaimbo hatua kwa hatua, akitega sikio. Penye jiwe zima mlio hutoka mkavu na mtaimbo humrudi mkononi. Penye uwazi mlio huwa mzito, kama wa mtungi mtupu. Mwache apige asubuhi nzima. Sakafu ikishabonyea, kuiinua ni kuvunja jengo.

Je, wajua kuwa chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 kabla hakijatiwa sahani hata moja? Sakafu yake ni zege nene lenye mpira juu. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na wiki ya kwanza yote linataka kumwagiwa maji. Wengi huharibikiwa hapa, kwa haraka ya kufungua.

Je, wajua kwamba mchanga mweupe wa ufukweni ni adui wa nondo? Una chumvi, na chumvi hualika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara 2 hata 6, kwa hiyo zege hupasuka kutoka ndani. Tena ukiuchota, unaupunguza ufuo uliowaleta wageni. Usiuguse.

Na maji ya kuchanganyia? Chini ya kisiwa maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na pwani, chumvi hupanda. Onja kabla ya kukoroga zege, na fikiria bafu za wateja mapema. Shimo la maji machafu nalo liwe mbali na kisima, maana jiwe lenye matundu halichuji kitu.

Je, wajua kwa nini vyumba vingi vya kale vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu? Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti! Ukitaka watu kumi wanyooshe mikono bila kugongana, boriti peke yake haitoshi. Utahitaji nguzo katikati, au chuma. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Sayyid Barghash, lilipata kumbi zake pana kwa nguzo na mihimili ya chuma. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kila nikipita mbele yake naumia. Jengo karibu na bahari halitaki kuachwa hata msimu mmoja bila kuangaliwa.

Je, wajua kwamba tangu 1964 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma? Unachopata ni haki ya kuitumia. Soma hati yako imetaja matumizi gani kabla ya kumwita fundi.

Je, wajua kuwa umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari? Waya wa kwanza uliwashwa mwaka 1980. Umeme ulikatika Mei 2008 kwa takriban mwezi mmoja, kisha tena Desemba 2009, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Ukumbi usio na madirisha, unaotegemea kiyoyozi, ungekuwa tanuu miezi yote ile mitatu. Mimi ningeuacha ukuta wa upande wa bahari wazi kuanzia kiunoni, upepo upite, na kila Ijumaa asubuhi ningepangusa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta.