Mfanyakazi Anaposhirikishwa: Jaribio la Kiwanda cha Harwood

Kumshirikisha mfanyakazi katika maamuzi yanayoihusu kazi yake ni miongoni mwa njia za kuinua ari na uzalishaji zilizochunguzwa mapema. Jaribio mashuhuri lilifanyika katika kiwanda cha pajama cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Lester Coch na John French walichapisha matokeo yake mwaka 1948.

Harwood ililipa kwa kadiri ya kazi iliyofanyika, na kipimo kilichotarajiwa kilikuwa uniti 60 kwa saa. Tatizo lilizuka kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa. Fundi mzoefu alijikuta anajifunza upya, malalamiko yakazidi, na wengi wakaacha kazi.

Watafiti waligawa wafanyakazi katika makundi. Kundi la kwanza liliitwa, likaelezwa mabadiliko na sababu zake, likaruhusiwa kuuliza maswali, basi. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kusaidia kupanga utaratibu mpya. Katika makundi mawili madogo, kila mtu alishiriki kuupanga.

Kundi la kwanza halikuinuka: uzalishaji ulidorora, na ndani ya siku 40 asilimia 17 ya watu wake walikuwa wameondoka. Lile lenye wawakilishi lilifikia uniti 61 baada ya siku 14. Makundi mawili madogo yalirudi katika kasi yao upesi zaidi, kisha yakaipita kwa takriban asilimia 14. Katika makundi hayo yaliyoshirikishwa, hakuna aliyeacha kazi katika siku zile 40.

Pengine kundi la kwanza lilikuwa na watu wazito tu? Shaka hiyo ilijibiwa vizuri mno. Miezi miwili na nusu baadaye, 13 waliobaki walikusanywa tena na kupewa kazi nyingine mpya, safari hii wakishirikishwa wote. Watu walewale waliodorora sasa walipanda haraka. Ni haki kusema kwamba uvivu haukuwahi kuwa tatizo lao.

Hata hivyo, ushirikishaji una masharti. Jaribio kama hilo lilirudiwa katika kiwanda cha viatu nchini Norway, na ripoti yake ikatoka mwaka 1960. Huko uzalishaji haukupanda. Wafanyakazi walipewa nafasi ya kuamua mambo madogo, lakini kiwango cha uzalishaji hakikuwa mikononi mwao. Mtazamo wao kuhusu kazi uliboreka zaidi kwa wale walioona kuwa kushirikishwa kwa namna ile ni jambo halali na linalostahili.