Upepo wa Butiama na Sera ya Mazingira

Butiama ipo kati ya Ziwa Viktoria, upande wa magharibi, na mbuga ya Serengeti, upande wa mashariki. Mchana jua huipasha joto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupaa, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Usiku mwendo huo hugeuka. Je, pepo hizo zaweza kumvutia mkulima maji na kumwashia taa?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Upepo wenye mwendo wa mita 6 kwa sekunde hubeba nguvu mara 8 ya ule wa mita 3. Kwa hiyo upepo utoshao kuzungusha kinu cha kuvuta maji huenda usifae kabisa kwa mtambo wa umeme. Hapana budi kuupima mwaka mzima.

Jibu la pili limo katika sera. Zamani kuni na dizeli zilionekana rahisi, kwa kuwa msitu ulioangamia haukuandikwa katika daftari la gharama. Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1997 ilizitaka sekta zote kuyazingatia mazingira, na Sheria ya mwaka 2004 ikailazimisha miradi mikubwa kufanyiwa tathmini ya athari. Hapo upepo hupata thamani yake halisi.

Lakini sheria iyo hiyo huuhoji upepo nao. Huko Kipeto, Kenya, waangalizi huamuru pangaboi zisimamishwe tumbusi wanapokaribia. Karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 iliyokamilika mwaka 2017 ilingoja njia ya umeme hadi mwaka 2018. Na mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kihalali. Ndege, ardhi na nyaya, vyote vyataka kupangwa pamoja tangu mwanzo.

Mkoa wa Mara, wenye wafugaji wengi na tumbusi wa Serengeti, una kila sababu ya kulizingatia funzo hilo. Hata hivyo, kinu kimoja cha kisima cha kijiji kisitwishwe mzigo wa masharti sawa na shamba la mitambo mia. Sera njema ni ile impayo mwananchi maji leo, bila kumnyang'anya mjukuu wake malisho kesho.