Adabu ya Safari Fupi: Abiria wa Kisugu na Kero za Teksi ya Kampala

Kisugu ni mtaa ulioko kusini-mashariki mwa jiji la Kampala, katika tarafa ya Makindye, kati ya kilima cha Muyenga, ambako yamejengwa matangi makubwa ya maji ya jiji, na bonde la Namuwongo linalopitiwa na reli pamoja na mfereji wa Nakivubo. Safari ya kutoka hapo hadi katikati ya jiji ni ya kilomita chache tu, lakini kila asubuhi huwakutanisha watu ambao pengine hawangekutana kabisa: mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi, muuza mboga na kapu lake, mgonjwa anayekwenda kutibiwa, na mgeni aliyeingia mjini juzi. Namna wanavyotendeana wakiwa wamebanana ndani ya gari moja ndiyo mada ya makala haya, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba adabu ya safarini, ambayo wengi huihesabu kuwa jambo dogo la malezi, ndiyo ulinzi wa karibu zaidi alionao abiria mnyonge, kwa kuwa sheria ya barabarani hulikagua gari kwa nje na ni nadra kufika kwenye kiti.

Gari hilo huitwa teksi nchini Uganda, nalo ni lile lile linaloitwa matatu nchini Kenya na daladala nchini Tanzania: basi dogo, mara nyingi Toyota HiAce, jeupe, lenye mstari wa miraba ya buluu ubavuni, na lenye leseni ya kubeba abiria 14. Madereva wengi hawamiliki magari wanayoyaendesha. Kila siku dereva humpelekea mwenye gari kiasi cha fedha walichokubaliana, ambacho madereva wa Tanzania hukiita hesabu, na ni baada ya kutoa hesabu, mafuta na ada za barabarani ndipo yeye na kondakta wake hugawana kinachobaki. Kwa mpango huo kiti kitupu ni hasara inayotoka mfukoni mwa dereva mwenyewe, na hapa ndipo zilipo chemchemi za kero nyingi ambazo abiria hudhani kuwa ni ukorofi wa tabia tu.

Kero ya kwanza ni kungoja. Teksi haiondoki kwa saa bali kwa kujaa, na ili ionekane imekaribia kujaa, wapiga debe, yaani vijana wanaolipwa kuita abiria, huweza kuketi ndani wakijifanya wasafiri, kisha wakashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Mtu aliyewahi kuketi akiamini kuwa zimebaki nafasi mbili gari liondoke hujikuta bado yupo palepale nusu saa baadaye, na kazini anasubiriwa. Huo ni udanganyifu, hata kama umezoeleka kiasi cha kuchekewa. Jirani yake ni tabia ya kukatisha ruti, ambapo kondakta huwashusha abiria njiani kabla ya kufika mwisho wa safari waliyoilipia, kwa sababu dereva ameona abiria wengi zaidi upande wa pili wa barabara na anataka kugeuza gari.

Kwa miaka mingi stendi kuu za teksi za Kampala zilisimamiwa na chama cha wenye magari na madereva kilichojulikana kwa jina la UTODA, mpaka mamlaka ya jiji, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011, ilipouchukua usimamizi huo. Mabadiliko hayo yalihusu nani atoze ada na nani apange magari, lakini mpango wa hesabu uliendelea kama ulivyokuwa, na kero zake zikaendelea nao. Ushahidi mkubwa zaidi wa uhusiano kati ya nafasi na fedha ulionekana wakati wa janga la COVID-19, pale usafiri wa umma uliporuhusiwa tena tarehe 4 Juni 2020 kwa sharti kwamba teksi ya abiria 14 ibebe 7. Abiria walikaa kwa nafasi ambayo hawakuwa wameizoea, na nauli ikapanda. Yule ambaye hakuweza kuilipa alitembea kwa miguu. Nafasi ya goti na bega, kwa hiyo, ina bei yake, na katika siku za kawaida bei hiyo hulipwa kwa kubanana.

Abiria akilalamikia kubanwa, jibu analolipata, iwe Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, linafanana: kama hutaki kubanwa, nunua gari lako. Jibu hilo hutolewa na kondakta, lakini linalosikitisha zaidi ni pale linapotolewa na abiria mwenzake. Maana yake ni kwamba aliyelipa nauli hana haki nyingine yoyote zaidi ya kufikishwa, na kwamba umaskini wa kukosa gari unamwondolea mtu heshima yake. Hakuna msingi wa kulikubali wazo hilo. Nauli ni malipo ya mkataba, ijapokuwa mkataba wenyewe haujaandikwa, na mkataba huo unajumuisha kiti kizima, mwendo wa salama, na lugha ya kistaarabu.

Suala la nauli nalo lina adabu zake. Nchini Tanzania viwango vya nauli za daladala hupangwa na mamlaka ya serikali, LATRA, ambayo ilianza mwaka 2019 mahali pa SUMATRA, lakini nchini Uganda nauli ya teksi hutegemea soko, kwa hiyo huweza kupanda mvua inapoanza kunyesha, jioni watu wanapotoka kazini, au sikukuu zinapokaribia. Abiria mwenye busara huuliza nauli kabla ya kupanda, na kondakta mwenye adabu huitangaza kabla ya mlango kufungwa, maana ugomvi mwingi wa ndani ya teksi hutokana na bei iliyotajwa wakati gari limekwisha kuondoka. Abiria naye ana wajibu wake. Kumpa kondakta noti ya shilingi 50,000 kwa safari ya mtaa wa jirani, asubuhi ambapo hajakusanya chochote, ni kuwasimamisha abiria wote wakati chenji ikitafutwa kwa wauza duka. Kondakta aliyekwama hivyo hukimbilia njia inayochukiwa na wengi, ya kuwapa abiria wawili wasiofahamiana noti moja wakagawane huko nje, na mara nyingi mwenye haraka zaidi ndiye anayepoteza haki yake.

Ndani ya gari, fedha husafiri kwa mikono ya watu. Abiria wa nyuma humpa wa mbele yake, naye humpitishia mwingine hadi ifike kwa kondakta mlangoni, kisha chenji hurudi kwa njia hiyohiyo. Uaminifu huu, ambao hausimamiwi na mtu yeyote, ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya usafiri wa Afrika Mashariki na unastahili kusifiwa zaidi kuliko unavyosifiwa. Katika Buganda, kama ilivyo katika pwani ya Waswahili, kutoa kitu kwa mkono wa kushoto huonwa kuwa ni utovu wa heshima, na mgeni asiyejua jambo hilo huweza kumuudhi mtu mzima bila kukusudia.

Jambo jingine zuri la usafiri huu, kama ule uaminifu wa kupitisha fedha, ni kupakata. Mama anayepanda na watoto wawili, mmoja mgongoni, hawezi kulipia viti vitatu, na kwa desturi mtoto mdogo anayepakatwa halipiwi. Abiria aliyeketi kando yake humchukua mtoto mmoja na kumweka mapajani, bila kuombwa na bila kuulizana majina, na mtoto huyo husafiri salama hadi mwisho. Desturi hii ipo Kampala, ipo Zanzibar, ipo Mombasa. Inapoanza kufifia, na abiria wakawa wanageuza nyuso zao dirishani mama anapoingia, kinachopotea ni msaada ambao hakuna sheria wala shirika linaloweza kuutoa kwa wakati ule. Mwanafunzi wa Dar es Salaam yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa analipa nauli pungufu na hivyo baadhi ya makondakta humzuia asipande kabisa, na akipanda hutakiwa kusimama ili ampishe mtu mzima. Kumpisha mzee ni adabu ya kweli inayopaswa kufunzwa, lakini mtoto mwenye begi zito aliyesimama saa nzima kwa sababu tu nauli yake ni ndogo hajafunzwa heshima, ameonewa.

Kero za ukaaji zinajulikana kwa kila abiria. Yupo anayetanua magoti akachukua kiti na nusu, tabia ambayo mwaka 2017 ililifanya shirika la mabasi la jiji la Madrid, nchini Hispania, libandike alama za kuikataza. Yupo anayeketi karibu na mlango na kukataa kusogea ndani, hata wanaoingia wakalazimika kuruka miguu yake; yupo anayefunga dirisha wakati wa joto kwa kuogopa vumbi; na yupo anayezungumza kwa simu kwa sauti ya juu kutoka Kisugu hadi stendi, akieleza mambo ya nyumba yake ambayo wenziwe hawakuomba kuyajua. Pia kuna abiria anayengoja mpaka gari lifike mlangoni kwake ndipo apaze sauti ya kutaka kushuka, ilhali gari lilikuwa limesimama hatua chache tu nyuma. Abiria wa Kampala husema maaso awo, yaani hapo mbele, na kulisema neno hilo mapema humpa dereva nafasi ya kusogea kando ya barabara badala ya kufunga breki katikati ya magari.

Lililo zito kuliko hayo yote ni namna wanawake wanavyotendewa kwenye stendi na magarini. Kushikwa mkono na mpiga debe, kuvutwa nguo, na kutolewa maneno ya aibu mbele ya umati vimefanywa vionekane kama sehemu ya biashara. Mnamo Februari 2014 sheria ya kupinga ponografia ilitiwa saini nchini Uganda, na baadhi ya wanaume wakaichukua kuwa ni kibali cha kuwashambulia wanawake waliovaa sketi fupi na kuwavua nguo hadharani; Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo Agosti 2021. Jijini Nairobi, tarehe 17 Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu. Katika matukio ya aina hii watazamaji walikuwa wengi kuliko washambuliaji, nao pia walikuwa wasafiri. Kunyamaza kwao hakuwezi kuitwa adabu.

Lugha nayo hudai uangalifu. Kisugu na Namuwongo ni makazi ya Waganda, ya watu waliotoka kaskazini mwa Uganda, na ya wakimbizi kutoka nchi za jirani, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Luganda ndiyo inayotawala ndani ya teksi, na maneno ssebo kwa mwanamume na nnyabo kwa mwanamke hutosha kulainisha karibu kila ombi. Kiswahili kilitajwa na katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kwa wazee wengi wa Kampala bado kinabeba kumbukumbu ya amri za wanajeshi wa enzi ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, na kwa hiyo anayekizungumza hufanya vyema kuanza kwa salamu kabla ya kuuliza au kuagiza. Kumsengenya abiria kwa lugha inayodhaniwa kuwa haielewi ni kosa la kimaadili, na katika mtaa wenye lugha nyingi kiasi hiki ni kosa linalogundulika upesi.

Wengine wa Kisugu husafiri kwa bodaboda, usafiri ulioanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia katika miaka ya 1960 na ambao sasa hufanywa kwa pikipiki kote Afrika Mashariki. Kanuni za Uganda za mwaka 2004 zinamtaka dereva na abiria wavae kofia ngumu, na kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, iliwazoesha wateja kuona dereva akiwa na kofia ya pili kwa ajili yao. Hata hivyo abiria wengi huikataa, wakitaja jasho la waliotangulia au nywele zilizosukwa. Dawa yake ni kitambaa cha kujifunga kichwani kwanza, na ni wajibu wa dereva kuiweka kofia safi. Bei hupatanwa kabla ya kupanda, na mahali pa kwenda hutajwa kwa ukamilifu, kwani dereva anayejifanya kuifahamu njia na abiria anayebadilisha mwisho wa safari baada ya kufika wote wawili huishia kwenye mabishano.

Madereva hulaumiwa kwa kubeba mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja, na kwa kupanda juu ya njia za waendao kwa miguu wakikwepa foleni. Lawama hizo ni za haki, lakini mara nyingi aliyeketi nyuma ndiye aliyeagiza mwendo huo, kwa kuwa alichelewa kutoka nyumbani. Abiria wa namna hiyo huwa ameihamishia haraka yake kwa watu wasiohusika nayo, na katika Kisugu, ambako wengi hutembea hadi kazini kwa kukosa nauli, watu hao wanaorukia mtaroni kuikwepa pikipiki ni majirani zake mwenyewe.