Shindano za Wachina kwa mugonjwa aliyepooza



Mutu akipinda mudomo mara moja, mukono ukikosa nguvu, maneno yakimushinda, ni damu imekosa njia katika ubongo, ao mushipa umepasuka. Mumupeleke lopitalo saa ile ile. Shindano za Wachina hazina kazi hapo.

Lakini akirudi nyumbani akikokota muguu, jirani atakuambia: «Wachina wanachoma shindano, wanaponyesha.» Kweli, kazi hiyo wanaifanya tangu zaidi ya miaka 2.000. Shindano ni nyembamba sana, haina dawa ndani. Wanaichoma mukononi, muguuni ao kichwani, wanaiacha kitambo. Mwaka 2016 wanganga walipima majaribio 31 yenye wagonjwa 2.257. Wengine walionekana kupata nafuu, ila mengi ya majaribio hayo hayakufanywa vizuri. Ndiyo kusema haijulikani bado kama ni shindano zilizosaidia.

Ukitaka kujaribu, uliza kwanza munganga wako, zaidi sana kama mugonjwa anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Shindano ni mupya, karatasi yake ifunguliwe mbele ya macho yako: ile ya mutu mwingine inaweza kuleta sida ao ugonjwa wa maini.

Na pesa ya dawa ya tansio, usiiguse! Wala mazoezi yasiachwe: kusimama, kushika kikombe kwa mukono ule mugonjwa, kutembea mpaka mulangoni, kila siku. Mama, huruma yako tunaijua, lakini kama anaweza kushika kijiko, umuache ajilishe.