Masikio Nayo Yataulizwa

Juzi mwanangu wa miaka sita alitamka tusi zito mbele ya wageni. Nilipomuuliza alikolipata, alijibu bila hofu: "Kwenye simu yako, Baba." Niliona haya. Mimi niwafundishaye wanafunzi wa isimu kwamba mtoto huipata lugha kwa kuisikia, nilikuwa nimesahau kwamba mwanangu naye ana masikio.

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, na kupatikana kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amfananisha sahibu mwema na muuza miski, na sahibu mwovu na mhunzi avukutaye moto. Muuza miski atakupa, au utanunua kwake, au walau utanusa harufu nzuri. Mhunzi atakuunguzia nguo, au utanusa harufu mbaya. Tuzingatie basi: harufu humfikia hata asiyenunua kitu.

Leo masahibu wetu si watu pekee. Redio ya matatu huenda hatuna uwezo nayo, lakini simu ya mfukoni twaiwasha kwa kidole chetu wenyewe. Nayo Kurani, katika Sura al-Israa aya ya 36, yatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa.

Tangu siku ile, baina ya Magharibi na Isha simu yangu hukaa kabatini, nami humsomea mwanangu kitabu. Tusi lile bado hajalisahau. Nawe mwalimu, nawe mwanafunzi, kabla hujakiwasha chombo chako, jiulize: huyu ni muuza miski, au ni mhunzi?