Fahamu: Dozi ya nyongeza ya UVIKO-19 na hofu ya damu kuganda

Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo za UVIKO-19 hazifai. Miezi sita baadaye, Julai 28, mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani. Kwa mkazi wa Ngenge, wilayani Muleba, misimamo hiyo miwili ya Ikulu iliacha swali: tumwamini nani? Dozi ya nyongeza ilipokuja, swali likarudi.

Kwa nini nyongeza?
Kinga ya chanjo hupungua kadiri miezi inavyopita. Nyongeza huukumbusha mwili kumtambua adui.

Maudhi ya kawaida ni yapi?
Mkono kuuma, homa, uchovu na kichwa kugonga. Ni dalili kwamba kinga inafanya kazi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku chache.

Je, damu huganda kweli?
Hofu hii ina chanzo. Aprili 2021 Marekani ilisitisha kwa muda chanjo ya Janssen, ile ile iliyoanza kutumika Tanzania, baada ya wanawake sita kuganda damu kati ya watu zaidi ya milioni 6.8 waliochanjwa. Ni hatari ya kweli, lakini ni nadra sana.

Uende kituo cha afya lini?
Wahi ukipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mguu kuvimba, au maumivu ya kichwa yasiyotulia siku kadhaa baada ya sindano. Mweleze mhudumu ulichanjwa lini, na chanjo gani.