Kabla ya kukagua shamba, andikianeni na dalali

Malipo ya korosho yakishaingia, Masasi na Newala huanza msimu mwingine: kutafuta ardhi. Mkulima wa Newala anataka kiwanja Masasi mjini ajenge fremu za maduka. Mfanyabiashara wa Masasi naye anataka shamba la mikorosho iliyokwisha kuanza kuzaa. Katikati yao yupo dalali.

Dalali anastahili kulipwa, maana anawajua wauzaji na anazunguka juani. Tatizo ni kwamba mara nyingi mnunuzi hajui anamlipa kiasi gani. Chukulia mwenye shamba anataka sh. milioni 3. Dalali anamtajia mnunuzi milioni 3.6, kisha anadai asilimia 10 ya bei hiyo, yaani sh. 360,000. Zile laki sita za katikati ndizo "cha juu". Mnunuzi ametoa sh. 3,960,000 kwa shamba la milioni 3, na huenda muuzaji naye amemkatia dalali chake. Kazi moja, malipo matatu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyemtuma wakala haki ya kudai faida ambayo wakala ameipata kwa kificho. Lakini ataidai vipi bila karatasi ya kuonyesha kuwa alimtuma?

Ukurasa mmoja unatosha, wenye saini au dole gumba na mashahidi: nani amemtuma dalali, nani atamlipa, kiasi gani na lini. Nauli ya kwenda kuona shamba nayo iandikwe, la sivyo itazua ugomvi. Kiasi kamili ni afadhali kuliko asilimia, kwani dalali wa asilimia hufaidika bei ikipanda. Huko Marekani, tangu Agosti 2024, mawakala wengi wa nyumba hutakiwa kusainiana na mnunuzi mkataba unaotaja malipo kabla hawajamwonyesha nyumba yoyote.

Dalali asilipwe siku ya kupeana mikono. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini. Dalali aliyekwisha kutia fedha mfukoni hana haraka ya kufuatilia kikao hicho.

Na bei isikike kutoka kinywani mwa mwenye shamba mwenyewe, pale pale shambani, wakati mikorosho ikihesabiwa.